Kabla hujanunua rejeta nyingine, tafuta maji yanakwenda wapi

"Fundi, habari za kazi. Nina Premio ya mwaka 2003, otomatiki, injini ya 1,800. Naitumia kila siku kutoka Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, kwenda shule ninakofundisha. Mwezi wa nane tulikuwa tunakwenda msibani Kabale. Tulipoianza ile milima baada ya Ntungamo, mshale wa joto ulipanda hadi karibu na H. Fundi wa pale barabarani aliiacha ipoe, akatoa themostati akaitupa, akasema hiyo ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi. Akaniambia niweke maji tu, kulanti ni kula pesa za watu. Tulifika salama. Tangu hapo mshale haupandi, tena unakaa chini kuliko zamani, lakini naongeza karibu lita moja ya maji kila siku tatu, na chini ya gari sioni hata tone. Petroli nayo naona inaisha haraka. Fundi wa hapa mtaani anataka ninunue rejeta ya mtumba pale Kisekka, soko la vipuri. Shemeji yangu anasema ni gasketi, injini ifunguliwe. Desemba nataka kuwapeleka watoto na mama yangu Kabale. Nianze na lipi?"

Dada yangu, pole kwa msiba, na pole kwa safari ya namna hiyo. Umeambiwa mambo manne na watu watatu. Mawili si kweli: kwamba themostati ni ya nchi za baridi, na kwamba kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya kupoza injini, ni kula pesa za watu. Mawili mengine, rejeta na gasketi inayoziba kati ya bloku na silinda hedi, huenda yakawa kweli, lakini hakuna aliyeyapima. Mtu anayekuambia ufungue injini bila kupima chochote anacheza bahati nasibu kwa pesa zako.

Mimi ningeanzia pengine kabisa. Lita moja kila siku tatu inakwenda wapi? Mfumo wa kupoza injini umefungwa pande zote. Gari lenye afya linaweza kumaliza mwaka bila kuongezwa hata kikombe. Kwa hiyo maji yako yana mlango yanakotokea, na ukinunua rejeta kabla ya kuujua mlango huo, unaweza kuwa unabadilisha dirisha la nyumba ambayo paa ndilo linalovuja.

Nikueleze kwanza kinachofanyika chini ya boneti, maana ukishakielewa, hakuna fundi atakayekuzungusha. Petroli ikiungua ndani ya silinda, takribani theluthi moja tu ya nguvu yake ndiyo inayosukuma gari. Theluthi nyingine inatoka na moshi wa ekzosi. Iliyobaki inaingia kwenye chuma kama joto, na isipoondolewa, pistoni zitanasa ndani ya dakika chache. Pampu ya maji ndiyo inayoliondoa. Inasukuma maji kwenye njia zilizomo ndani ya bloku (mwili wa injini) na silinda hedi (kichwa chake), yanabeba joto, yanatoka kwa mpira wa juu kuingia kwenye rejeta, yanapita kwenye mirija yake myembamba huku upepo ukipiga mapezi ya aluminiamu yaliyoshikana na mirija hiyo, kisha yanarudi kwenye injini kwa mpira wa chini. Gari likitembea, upepo unakuja wenyewe. Likisimama kwenye foleni ya Jinja Road, upepo unaletwa na feni.

Niliwahi kuikata rejeta kwa msumeno wa chuma ili kijana niliyekuwa namfundisha aone kwa macho. Ilitoka kwenye gari lililokuwa likichemka kila likipanda kilima, na mwenyewe alikuwa amelijaza maji ya kisima kwa miaka. Mirija ya rejeta ni bapa, na uwazi wake wa ndani haufiki milimita 2. Tulipoitazama kwa mbele, mingi ilikuwa na ukoko mweupe wenye rangi ya kutu, kama ule unaoganda ndani ya birika la chai. Nilimwambia apulize kwa mdomo, mmoja baada ya mwingine. Zaidi ya theluthi ya mirija haikupitisha hata pumzi. Kwa nje rejeta hiyo ilikuwa safi, haivuji popote. Ndiyo maana nasema huwezi kuijua rejeta kwa kuitazama tu, wala huwezi kuinunua ya mtumba kwa kuitazama tu.

Sasa tuje kwenye kitu kidogo ambacho hakuna aliyekutajia: mfuniko wa rejeta. Ufukweni maji huchemka yakifika nyuzi 100. Kampala, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, yanachemka karibu na nyuzi 96. Kabale, kwenye mita 2,000 hivi, ni kama nyuzi 93. Waulize wenyeji wako kwa nini maharage yanakaa jikoni muda mrefu zaidi kule. Injini yako hufanya kazi karibu na nyuzi 90, na ikipanda mlima imebeba watu watano na mizigo inapita hapo. Kama hakuna kinachoyazuia, maji yatachemka barabarani hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Kinachoyazuia ni ule mfuniko. Una springi na mpira unaoshikilia shinikizo ndani, na juu yake pameandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hilo ndilo shinikizo unaloruhusu kabla ya kufunguka, na linatosha kusogeza kiwango cha kuchemka kupita nyuzi 110 hata huko Kabale. Ni kazi ileile ya sufuria ya presha. Ndani ya mfuniko kuna vali ndogo ya pili: injini ikipoa na maji yakisinyaa, vali hiyo inayaruhusu yaliyokuwa yamefukuzwa kwenda kwenye kopo la akiba yarudi kwenye rejeta. Mpira ukikauka au springi ikilegea, maji yanachemka mapema, yanatoka kama mvuke, na hayarudi. Huoni tone chini kwa sababu hakuna tone. Unaona upungufu tu asubuhi.

Je, hicho ndicho kilichotokea kwako? Siwezi kuapa. Lakini gari linalotulia Kampala na kuchemka kwenye ile milima ya Rukiga baada ya Ntungamo, kisha likapoteza maji bila alama, linanifanya niuangalie mfuniko kabla ya chochote kingine. Pia ndio wa bei ndogo kuliko vyote ulivyotajiwa.

Hapo hapo niseme jambo ambalo naomba ulifundishe na nyumbani: mfuniko haufunguliwi injini ikiwa ya moto. Maji yaliyomo ndani yanaweza kuwa na nyuzi zaidi ya 100 na bado ni maji kwa sababu tu yamebanwa. Ukifungua, sehemu yake inageuka mvuke mara moja na kuyarusha nje yaliyobaki. Nikiwa bado najifunza kazi, nilimwona dereva wa lori pale Lukaya akiuzungusha mfuniko kwa kitambaa, kwa sababu alikuwa na haraka. Maji yalimpiga kuanzia kifuani hadi kidevuni. Tulipojaribu kumvua shati, ngozi ilikuja nalo. Subiri saa nzima. Mpira wa juu ukishikika kwa mkono bila kuunguza, na ukiubonyeza unalegea, hapo ndipo ufungue, tena polepole.

Turudi kwenye themostati iliyotupwa. Ni kikopo chenye nta ndani. Nta ikipata joto inatanuka na kufungua mlango wa maji kwenda kwenye rejeta, kwa kawaida kuanzia nyuzi 80 na kitu. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa ili ipate joto haraka. Ikiwa moto unafunguka wote. Injini haijui kama iko Uganda au Ulaya. Imetengenezwa kufanya kazi karibu na nyuzi 90, na hewa ya nyuzi 25 ya Bweyogerere bado ni baridi kubwa kwake.

Utasikia mafundi wakisema themostati ikitolewa maji yanapita mbio mno, hayapati muda wa kupoa. Hiyo si sababu. Maji yanayozunguka haraka hayapunguzi kazi ya rejeta. Ubaya uko kwingine. Katika injini nyingi kuna njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na kwenye baadhi yake themostati hiyohiyo ndiyo inayoiziba joto likipanda. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka mle mle tu. Kwenye barabara tambarare hutaona kitu, tena mshale utalala chini kama wako ulivyo. Kwenye mlima mrefu, unaweza kujikuta palepale ulipoanzia.

Na petroli yako inayoisha haraka? Nina shaka kubwa ni matokeo ya jambo hilo. Sensa ya joto inaiambia kompyuta ya gari kwamba injini bado baridi, kompyuta inaendelea kuongeza petroli kama vile ndiyo kwanza umewasha asubuhi. Oili nayo haipati joto la kutosha kukausha unyevu, na ikikaa hivyo miezi inaanza kuwa uji. Nunua themostati mpya yenye nyuzi zilizoandikwa kwa injini yako, iwekwe na mpira wake mpya. Fundi akisita, mwambie aichemshe kwanza kwenye sufuria akiwa na kipimajoto, aone inavyofunguka.

Kuhusu kulanti nitakuwa mkali kidogo. Ndani ya mfumo wako kuna aluminiamu, kuna chuma, kuna solda na shaba sehemu nyingine. Ukivitumbukiza vyote kwenye maji matupu umetengeneza betri, na kinacholiwa kwanza ni aluminiamu: silinda hedi, mwili wa pampu, rejeta yenyewe. Dawa zilizomo kwenye kulanti ndizo zinazozuia ulaji huo na kulainisha sili ya pampu. Glikoli iliyomo pia inasogeza mbele kiwango cha kuchemka. Kwamba inazuia maji yasigande, hilo kweli si letu. Weka nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa ya dukani, au nunua iliyokwisha kuchanganywa. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni nafuu kuliko ya kisima yenye chumvi, lakini peke yake hayana dawa. Usichague kwa rangi, kila kiwanda kinatia rangi yake. Soma inafaa kwa injini za aina gani, na usichanganye aina mbili. Ifungie mbali na watoto na mbwa, kwa sababu ni tamu na ni sumu kali.

Haya, tutafute mlango. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko uangalie mpira wake. Ukiwa umepasuka au umekuwa mgumu kama plastiki, badilisha kwa wenye namba ileile. Kisha tazama kwa tochi pale plastiki ya juu ya rejeta inapobanwa na aluminiamu, kwenye shingo za mipira, na kwenye pampu upande wa mkanda, ambako kuna tundu dogo la chini linalotoa maji sili ikichoka. Maji yanayovuja juu ya chuma cha moto hukauka kabla hayajafika chini, lakini yanaacha alama: unga mweupe, au waridi, au kijani, au mstari wa kutu. Gusa na zulia la miguuni upande wa abiria. Likiwa na unyevu wenye harufu tamu, hita ya ndani ndiyo inayovuja.

Usipopata kitu, hapo unahitaji gereji yenye pampu ya kupimia shinikizo. Ni pampu ya mkono inayofungwa mahali pa mfuniko. Fundi anapandisha shinikizo hadi namba iliyoandikwa kwenye mfuniko, kisha mnangoja dakika 15. Mshale wa pampu ukitulia, mfumo haupotezi. Ukishuka, maji yatajionyesha yenyewe yanakotokea. Mfuniko nao unapimwa kwa pampu hiyohiyo. Gereji isiyo na kifaa hiki isikufungulie injini.

Shemeji yako hajakosea kuihofia gasketi, kwa sababu injini iliyowahi kufika H imepata msukosuko. Silinda hedi ya aluminiamu ikizidi joto inajikunja, na upindaji unaovumiliwa kwa injini kama yako ni milimita 0.05, nyembamba kuliko unywele. Dalili zake zinapimika. Washa injini ikiwa baridi: mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, ni gesi ya silinda inayoingia. Povu lisiloisha kwenye shingo ya rejeta, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu hata injini ikiwa imepata joto, oili ya rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, yote yanaelekea huko. Ukoko wa maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutishe. Kwa gari linaloendeshwa safari fupi bila themostati, unaweza kuwa unyevu tu. Kuna pia kipimo cha maji ya buluu yanayogeuka njano yakikutana na gesi ya injini, kinachukua dakika chache. Kikigeuka njano, liache gari pale pale gereji. Kila kilometa unayoongeza inaongeza bei ya matengenezo.

Na rejeta? Nikukumbushe tabia ya mshale siku ile. Mshale ukipanda kwenye foleni na kushuka barabara ikifunguka, mtuhumiwa ni feni au uchafu. Ukipanda kwenye mlima na kutulia mjini, kama wako, mtuhumiwa ni maji pungufu, mfuniko, au mirija iliyoziba. Kwa hiyo fundi wako anaweza kuwa na haki. Lakini kabla ya kuibadilisha, itazameni katikati yake na rejeta ya kiyoyozi iliyo mbele. Vumbi jekundu, nyasi na wadudu hujishona pale hadi upepo usipite, na msimu wa nsenene, wale panzi wa kuliwa, huwaongeza. Ioshwe kwa maji ya mpira yenye nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya presha ya kuoshea magari hulaza mapezi, na pezi lililolala halipitishi upepo.

Ikithibitika imeziba ndani, zile za zamani za shaba zilifunguliwa, zikasafishwa kwa waya na kuchomelewa tena. Yako ni ya aluminiamu na plastiki. Tindikali itaila, na plastiki ikifunguliwa mara nyingi haikai sawa. Gundi kwenye ufa ni ya kukufikisha nyumbani, si ya kwenda nayo Kabale. Ute wa yai na manjano nimeona vikiziba tundu barabarani, sikatai, lakini huwa vinaziba na mirija mizima. Kati ya mpya ya kawaida na ya mtumba kutoka Japani, mimi kwa gari la familia ningechukua mpya, kwa sababu ya mtumba imekaa na plastiki yake miaka 20. Ukiamua ya mtumba, ijazwe maji na kupimwa shinikizo mbele yako kabla hujalipa. Na sisitiza iwe ya otomatiki: ndani ya tangi lake la chini kuna kipoza oili ya giaboksi. Kikitoboka, maji na oili ya gia vinachanganyika kuwa uji wa waridi, na giaboksi inakufa.

Ukishafunga vitu vipya, kulanti ijazwe polepole, hita ikiwa imewekwa kwenye joto la juu, injini ikinguruma bila mfuniko hadi themostati ifunguke na mapovu ya hewa yaishe. Hewa iliyobaki ndani inaweza kuchemsha gari lenye kila kitu kipya.

Usiuamini sana mshale wenyewe. Kwenye Toyota nyingi umetengenezwa kukaa katikati hata joto likibadilika nyuzi kadhaa, kwa hiyo ukiuona umevuka katikati, umechelewa tayari. Na maji yakiwa yamekwisha kabisa, sensa inabaki kwenye hewa na mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Ukiuona unapanda mlimani, zima kiyoyozi, fungua hita yote na feni yake hata kama mtatoka jasho, punguza mwendo. Usiposhuka ndani ya dakika moja, egesha. Kama hakuna mvuke na maji hayajamwagika, iache ingurume kidogo feni ikifanya kazi. Mvuke ukitoka, zima papo hapo, na mtu yeyote asimwagie injini maji baridi, maana silinda hedi inaweza kupasuka.

Kwa hiyo mpangilio wangu kwako ni huu: mfuniko na themostati wiki hii, kipimo cha shinikizo na cha gesi siku hiyohiyo, kuosha nje ya rejeta, kulanti mpya. Mwambie fundi awashe kiyoyozi mwone feni zinazunguka. Rejeta nyingine inunuliwe tu kama vipimo vimeilaumu, au kama mshale bado unapanda baada ya hayo. Injini ifunguliwe tu kama kipimo cha gesi kimesema ndiyo.

Halafu weka alama ya kalamu kwenye kopo la akiba, usawa wa kulanti asubuhi injini ikiwa baridi, na uitazame kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Ikishuka kidogo siku mbili tatu za mwanzo ni hewa inayotoka; jaza hadi alama. Baada ya hapo isishuke. Wikiendi moja nenda Masaka na kurudi, umejaza watu. Ikikaa kwenye alama wiki mbili pamoja na safari hiyo, mpakie mama na watoto mwende.